Kicheko mahali pa kilio: kisa cha filamu fupi katika ukumbi wa video wa Majengo

Mwezi wa nane wa mwaka 2019, katika ukumbi mmoja wa video wa mtaa wa Majengo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, watu wapatao themanini walimcheka mtoto aliyekuwa akikata roho. Mtoto huyo alikuwa kwenye skrini na kifo chake kilikuwa cha kuigiza, lakini ugonjwa uliokuwa ukimuua ndani ya filamu ulikuwa umeingia mjini mwetu kweli mwezi uliotangulia. Kicheko kilianzia benchi la tatu, kikaenea mpaka mlangoni, na mwenye ukumbi akaona hana budi kuzima mashine na kuwasha taa. Siku chache baadaye shirika lililoleta filamu hiyo liliandika katika ripoti yake kwamba wakazi wa Majengo ni wakaidi na kwamba wanaidharau Ebola. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanga ratiba ya ukumbi huo, na nilikuwa nimesimama karibu na mlango tangu mwanzo wa onyesho hadi taa zilipowashwa. Nasema bila kusita kwamba ripoti ile ilisoma kicheko kinyumenyume: watazamaji hawakuicheka Ebola, waliicheka filamu, na walikuwa na haki ya kuicheka.

Mlipuko wenyewe ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika mkoa wetu wa Kivu Kaskazini, ukaiumiza sana miji ya Beni na Butembo na kuingia Ituri, huku Goma ikikaa karibu mwaka mzima bila mgonjwa hata mmoja. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Goma alithibitishwa, mchungaji aliyekuwa amesafiri kwa basi kutoka Butembo, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likautangaza mlipuko huo kuwa dharura ya kimataifa. Mlipuko ulipomalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umehesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Mwezi ule wa nane hatukujua utaishia wapi. Kila mlango wa duka, kanisa na ofisi ulikuwa na ndoo yenye robine, yaani bomba dogo, na maji ya klori, na kwenye mpaka wa Gisenyi watu walipanga foleni ili waelekezewe termoflashi, kipimajoto kisichogusa ngozi, kwenye paji la uso kabla ya kuvuka.

Ukumbi wetu nao ulikuwa na ndoo yake. Ni chumba cha mbao kilichoezekwa mabati, chenye televisheni bapa mbele, jenereta nyuma ya ukuta na mabenchi yasiyo na mgongo. Nje kuna ubao unaoandikwa kwa chaki mechi na filamu za siku hiyo, na kiingilio kilikuwa franka 200. Nautaja umbo wake kwa sababu watu wa ukumbi wa video hawatazami filamu kimya kama watu wa kanisani. Hapa mtazamaji humwonya mwigizaji, humtukana mwovu, humwambia shujaa ageuke nyuma, na akiona jambo lisiloingia akilini hulisema hapo hapo kwa sauti, wala haoni kwamba amemkosea mtu. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi hilo hawezi kukitafsiri kicheko chake.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika kama ishirini. Ilimhusu mama muuza nyanya anayeishi Goma, ambaye mwanawe anarudi kutoka safari ya Butembo akiwa na homa, na mama anamficha chumbani kwa kuogopa watu wa riposti, kama tulivyowaita wote waliokuwa katika mapambano dhidi ya Ebola. Hadithi hiyo haikuwa na kosa. Kila mtu ukumbini alikuwa amesikia kisa kinachofanana nayo, na kwa dakika mbili tatu za mwanzo, ambazo hazikuwa na maneno ila mama akipanga nyanya zake mafungu mafungu juu ya gunia, ukumbi ulikuwa umetulia kabisa.

Kisha jirani akabisha hodi. Akaingia, akainama kidogo, akasema: «Shikamoo, bibi.» Mama akaitikia: «Marahaba, mwanangu. Hujambo?» Jirani akajibu kwamba hajambo, akauliza habari za tangu jana, akaambiwa ni njema, akakaribishwa kitini. Nilisikia miguno ya kwanza hapo. Goma hatusalimiani hivyo. Mwanamke akiingia kwa mwenzake husema «Jambo mama», naye hujibiwa «Jambo sana», na neno shikamoo tunalijua kama tunavyoijua bahari: tumelisikia, tumeliona kwenye filamu za Tanzania, lakini halipiti milangoni mwetu. Hata hivyo watu walivumilia. Waliendelea kuvumilia mtoto alipolala chini ya blanketi na kamera ikamsogelea usoni, jasho likimtiririka, na mwanamke mmoja mbele yangu akaushika mkono wa mwenzake.

Ndipo mtoto akafumbua macho na kusema, kwa matamshi safi ya mtangazaji wa habari: «Mama, ninahisi kizunguzungu. Tafadhali naomba unipatie maji ya kunywa.»

Kutoka benchi la tatu kijana mmoja akapaza sauti: «Uyu mutoto hana Ebola, ugonjwa yake ni Dar es Salaam!»

Nilicheka na mimi, sioni haja ya kulificha. Lakini hata nilipokuwa nikicheka nilijua kwamba nimesikia uchambuzi wa filamu ulio sahihi kuliko mwingi niliowahi kuusoma. Kijana yule alifanya kazi ya daktari: alimtazama mgonjwa, akasema ugonjwa wake ni upi. Filamu ilidai kwamba mtoto ana Ebola, na dalili zote za Ebola alikuwa nazo, homa, jasho na udhaifu, lakini dalili iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa mdomoni mwake. Mtoto wa muuza nyanya wa Goma, mwenye homa, asemaye «tafadhali naomba unipatie» ana tatizo ambalo riposti haina chanjo yake. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kurudi kwenye huzuni. Mama wa kwenye filamu alipoanza kulia kwa maneno marefu yaliyonyooka kama sala iliyoandikwa, mwanamke mtu mzima aliyeketi ukutani akamwambia kwa upole, karibu kama anayemsihi: «Mama, lia mu Swahili yetu!» Ukumbi ukalipuka tena, na filamu ikazimwa.

Ninayatenga maneno ya mwanamke yule na ya kijana kwa makusudi. Kijana alikuwa akitania, na utani wake ulikuwa na makali. Mwanamke hakutania. Alitaka kulia pamoja na mama yule, akazuiwa mlangoni, na alikuwa akimwomba mwenzake afungue. Waliokuwa wakiandika ripoti hawakuweza kutofautisha sauti hizo mbili kwa sababu zote zilizaa kicheko kimoja.

Sitaki kuwadharau waandishi wa ripoti. Mwezi wa pili wa mwaka huohuo vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshambuliwa, wahudumu walikuwa wakiishi kwa hofu, na maneno «Ebola biashara» yalikuwa midomoni mwa watu wengi waliojiuliza kwa nini fedha zinakuja kwa ugonjwa huu wakati malaria na vita vimewaua kwa miaka bila magari mapya kuonekana. Mtu aliyetoka katika hali hiyo akiona watu themanini wanacheka kifo cha Ebola, ni rahisi afikirie kwamba amekutana tena na watu wasioamini. Kosa lake ni kwamba hakutazama mlangoni. Jioni ile kila mmoja alipita kwenye ndoo kabla ya kuketi, wazee kwa vijana, na wawili waliotaka kupenya bila kunawa walirudishwa na watazamaji wenzao, si na mlinzi. Taa zilipowashwa na watu wakaanza kutoka, wengi walinawa tena. Mtu anayeukana ugonjwa hanawi mara mbili kwa maji yanayonuka klori na kumkausha ngozi.

Hoja iliyonipa shida zaidi haikutoka kwa shirika. Ilitoka kwa mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, mzee ninayemheshimu, aliyekuja kesho yake kunigombeza. Alisema kwamba watoto wa Goma wanakicheka Kiswahili sanifu kwa sababu hawakujifunza Kiswahili, na kwamba mimi kwa kuwatetea nauita ujinga ladha. «Lugha ya vitabu ndiyo lugha,» alisema, «na hiyo yenu ya sokoni itawafungia milango kote mtakakokwenda.» Aliongeza kwamba Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na kwamba lugha iliyopewa cheo hicho haistahili kusemwa ovyo.

Mwalimu ana haki katika jambo moja kubwa. Kiswahili hiki ninachoandika sasa ni kile alichonifundisha mwenyewe na wenzake, na bila hicho nisingeweza kusomwa Mombasa wala Zanzibar. Lakini hoja yake haikieleza kicheko. Watazamaji wale wale husikiliza kila siku habari za Kiswahili za Radio Okapi, iliyoanza kusikika mwaka 2002, na hakuna anayecheka. Jumapili husomewa Biblia yenye Kiswahili kizito kuliko cha filamu ile, nao huinamisha vichwa. Basi Kiswahili sanifu chenyewe hakikuwachekesha. Kilichowachekesha ni kukikuta kwenye kinywa ambacho hakiwezi kukitoa. Mtangazaji anakisema kwa sababu ndiyo kazi yake, na msomaji wa kanisani anakisema kwa sababu kiko mbele yake kimeandikwa. Muuza nyanya aliyefiwa na mtoto hana sababu yoyote ya kukisema, na kila aliyeketi ukumbini ana mama, shangazi au jirani anayeuza nyanya, kwa hiyo alikuwa na kipimo chake nyumbani.

Kuhusu Katiba nilimjibu mzee kwamba imetaja Kiswahili bila kusema kipi. Hakupenda jibu hilo, lakini alikunywa chai yangu.

Ushahidi ulio na nguvu zaidi ni yale ambayo ukumbi huohuo ulikuwa umeyapenda. Amri Athumani, ambaye dunia nzima ya Kiswahili ilimwita Mzee Majuto, alifariki tarehe 8 Agosti 2018, wiki moja tu baada ya mlipuko wa Ebola kutangazwa, na jioni kadhaa mfululizo tulionyesha vichekesho vyake vya zamani kwa ukumbi uliojaa hadi dirishani. Majuto alisema Kiswahili cha Tanga. Alisema «shikamoo» na «marahaba», na maneno mengine mengi ambayo Majengo hakuna anayeyatumia, na watu walicheka pale alipotaka wacheke na kunyamaza alipotaka wanyamaze. Hakuna aliyemwambia kwamba ana ugonjwa wa Dar es Salaam, kwa kuwa Majuto hakudai kamwe kwamba yeye ni wa Majengo. Vivyo hivyo filamu za Kichina na za Kimarekani zinazofika kwetu zikiwa na sauti ya mfasiri juu yake, kazi ambayo marehemu Lufufu aliipa jina Tanzania na DJ Afro anaifanya Kenya. Mpiganaji wa Hong Kong anapewa maneno ya Kariakoo au ya Nairobi, na mtazamaji wa Goma hapingi, kwa sababu makubaliano yako wazi: sauti ni ya mfasiri, mwili ni wa mgeni, na sisi tunafurahia jinsi viwili hivyo vinavyogombana. Filamu ya Ebola haikuwa na makubaliano hayo. Ilituambia: «Huyu ni jirani yako.» Mtu akikuonyesha jirani yako, unamkagua.

Na waliokagua hawakuishia kwenye maneno. Baada ya onyesho vijana walinitajia makosa ambayo mimi mwenyewe sikuyaona. Kubwa lilikuwa udongo. Ua wa nyumba ya mama yule ulikuwa wa udongo mwekundu laini, uliofagiwa vizuri, wakati Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika mitaa ya biashara na kuzima ziwani, na tangu hapo tunatembea juu yake, tunajenga kuta kwa mawe yake, na viatu vyetu vinakwisha soli kabla ya wakati. Mtoto wa Goma akianguka hainuki na vumbi jekundu magotini, huinuka na mchubuko. Bila shaka filamu ilipigwa mahali pengine, na kwa fedha zilizokuwepo labda haikuwezekana kufanya vinginevyo. Ila kuiandika «Goma» chini ya picha ile kuliwafanya watazamaji waanze kutafuta nini kingine si kweli, na mtazamaji anayetafuta uongo katika filamu ya afya ni hatari kweli, kwa sababu kinachofuata kukaguliwa ni ushauri wenyewe.

Utani ulitoka ukumbini ukaingia mtaani. Kwa wiki kadhaa, kijana wa Majengo akimsikia mwenzake anasema neno lolote la kitabuni, «tafadhali» au «samahani sana», alinyoosha kidole kama termoflashi, akakielekeza kwenye paji la uso la mwenzake, akahesabu kimya, kisha akatangaza joto lake: «Makumi ine na mbili! Peleka uyu Dar!» Niliona mchezo huo kituo cha pikipiki, niliuona sokoni Virunga, na siku moja niliuona ukichezwa na watoto wa shule wa miaka minane au tisa. Shirika liliposikia, hofu yao iliongezeka, kwa kuwa walidhani termoflashi inafanyiwa mzaha. Mimi nililiona jambo tofauti. Watoto wale walijua kipimo kinaelekezwa wapi, walijua joto la namna gani ni la kutisha, na walijua mwenye joto hilo anapaswa kupelekwa mahali. Mafunzo ya miezi yote yalikuwa yamewaingia, na hayakuingizwa na filamu yetu.

Jambo lililobadilisha mwelekeo lilisemwa na fundi wa sauti aliyekuwa akilisaidia shirika, mzaliwa wa Lubumbashi. Alisema kwao filamu hiyo isingeandikiwa maneno hata kidogo. Alikuwa amekulia katika vichekesho vya kundi la Mufwankolo, vilivyochezwa redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na akatueleza namna walivyofanya kazi: waigizaji walikubaliana juu ya hadithi na mpangilio wa matukio, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe katika mazoezi, bila karatasi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilifuata kundi hilo mwaka 1986 lilipokuwa likijenga mchezo mzima kutokana na msemo mmoja kuhusu madaraka, na utafiti wake uliochapishwa mwaka 1990 unaonyesha mchezo ukikua kutoka mazungumzo hadi jukwaani kwa njia hiyo. Fundi wetu hakuwa amesoma utafiti huo. Alijua tu kwamba Mufwankolo alisikika kama mtu wa mtaani kwao kwa sababu maneno yalikuwa ya mtaani kwao.

Fedha za kupiga picha upya hazikuwepo, hivyo tulikubaliana kubadilisha sauti peke yake. Tuliwaalika wanawake watatu wanaouza nyanya na vitunguu, tukawaonyesha filamu bila sauti, tukawaomba waseme wenyewe kile ambacho mama yule angesema. Afisa wa shirika alikuwa na karatasi ya ujumbe uliopaswa kubaki: usimguse mgonjwa, usimwoshe maiti, piga simu. Zoezi la kwanza lilikuwa gumu kwa sababu mama mmoja, kwa kuona kuna kinasa sauti, alianza kusema Kiswahili cha kanisani. Wenzake wakamcheka, naye akacheka, na baada ya hapo akasahau kinasa sauti. Sehemu ya mtoto ilisemwa na mwanawe wa miaka kumi na moja. Maneno yake yalikuwa: «Mama, kichwa inaniuma. Unipe mayi.» Ni maneno matano, na ndani yake mna homa yote ambayo sentensi ya kwanza haikuwa nayo. Salamu za jirani zilibaki ndefu kuliko zilivyohitajika, kwa sababu mwigizaji kwenye picha alikuwa ameinama muda mrefu na ilibidi mdomo wake upewe kitu cha kusema.

Tuliionyesha tena mwanzoni mwa mwezi wa kumi, kabla ya mechi ya Ulaya, ukumbi ukiwa umejaa. Wengi walikuja kwa kuwa walikumbuka kicheko cha kwanza na walitaka kingine. Walikipata pale jirani alipoinama na kuendelea kuinama, kisha kikafa chenyewe. Mtoto aliomba maji, na hakuna aliyesema kitu. Katika sehemu ya mwisho mtoto amekwisha kufa, na mama yake anachukua beseni na kitambaa ili amwoshe kabla majirani hawajajua. Mwanamke aliyeketi ukutani, yule yule wa mara ya kwanza, alisimama na kupiga kelele: «Usimuguse, mama! Usimuguse!» Wengine watatu wanne wakamfuata. Mama wa kwenye filamu akamgusa, kama ilivyopangwa, na ukumbi ukaguna kwa sauti moja nzito ambayo sijaisikia tena tangu siku ile, hata timu yetu ilipofungwa dakika ya mwisho.

Mwalimu mstaafu alikuwepo. Alitoka bila kuniaga, na sikumwuliza.

Afisa wa shirika aliniuliza kama ripoti ya kwanza ingepaswa kusahihishwa, nikamwambia ndiyo, na nikamwandikia kurasa mbili za maelezo ambazo nyingi ya hoja zake nimezirudia hapa. Nilikuwa bado nakunja waya wa spika kijana wa benchi la tatu aliponifuata. Alisubiri mpaka nimalize, akanawa mikono kwenye ndoo, kisha akasema, akiniita yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa: «Yaya, Swahili iko sawa sasa. Ile udongo, mutaipaka rangi lini?»